Kidonge Kwenye Pindo la Kanga

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imenifikia huku Kipawa. Marahaba. Babu yako hajambo, kazi yake kubishana na redio.

Unauliza kwa nini daktari kakupa dawa mbili za kipandauso, na moja umeze kila siku hata kichwa kisipouma. Mama yangu naye alikuwa nacho. Enzi za Mwingereza, tukikaa Temeke, alikuwa akipika pilau ya harusi, aspirini kaifunga kwenye pindo la kanga. Akaanza kuona vimulimuli. Nikamwambia, "Mama, meza." Akasema, "Bado navumilia." Alipoimeza, maumivu yalishapamba moto na tumbo lilishagoma. Akatapika, kidonge kikatoka kizima vile vile.

Basi ile ya maumivu imeze mapema, kichwa kinapoanza tu. Ya kila siku haitulizi maumivu. Inafanya kichwa kisichokozeke upesi, na kazi yake huonekana polepole, kwa hiyo usiichoke. Mama hakuipata hiyo.

Wanawake wa Temeke walimsifu kwa uvumilivu mpaka siku tuliyomzika. Wewe nataka wakusifu kwa jambo lingine.

Ni mie bibi yako,
Mwanaidi