Mwanamke wa Jambazi Alisema Maneno Yangu

Jumapili jioni, Mbuya, Kampala. Mvua ya mchana imekatika na mlima wote unanuka udongo na moshi wa mkaa.

Nilitaka kuandika kuhusu furaha. Huu ni mwezi wangu wa pili katika ndoa, na mnaosoma hapa mnajua siku hizi siandiki kitu kingine. Nimeandika kuhusu mikono ya Opio. Nimeandika jinsi anavyokunja shati kabla ya kulala, ukingo kwa ukingo, kama baba yake sajini alivyomfundisha. Dada yangu wa Mengo ameniambia nipunguze, wasomaji watakinai sukari.

Leo mtapumzika.

Kwa asiyejua, mume wangu ni vijei. Anakaa pembeni ya skrini na kipaza sauti katika kibanda cha video kilicho chini ya nyumba yetu. Filamu inaongea Kiingereza, naye anaongea juu yake, sauti zote peke yake: wazee, polisi, watoto, hata farasi. Mavijei wengi wa Kampala wanatumia Kiganda. Opio anatumia Kiswahili kwa sababu wanaokuja kwake ni wake wa askari wa kambi iliyo karibu, wastaafu kutoka kaskazini, na Wakongo wanaouza vitenge. Rafiki yake Musa ndiye anayeshika mashine. Wamekuwa pamoja tangu shule ya msingi, na nilipoolewa niliambiwa kwa utani kwamba nimeolewa na wawili.

Wiki yote hii walikuwa wanaandaa filamu ya makauboi, ya zamani, ya wakati ambapo hata damu ilikuwa nyeusi kidogo. Majambazi wawili wameiba kwenye treni na wanakimbia. Mmoja ana ndevu na mke, mwenzake ni kijana anayechechemea. Farasi mmoja anakufa njiani, wanabaki na yule mwingine, wanapokezana kumpanda, huyu juu, huyu chini, na vumbi la wanaowafukuza haliwaachi. Opio alinionyesha nyumbani kwenye simu yake, tumelala kifudifudi, kila mtu na kidude kimoja sikioni. Niliipenda. Nilimwambia mwenye ndevu ni yeye, anayechechemea ni Musa.

"Na mimi?" nilimuuliza.

"Wewe ni yule wa nyumba ya mbao."

Nilifurahi hadi kesho yake. Sikujali kwamba yule wa nyumba ya mbao, mke wa mwenye ndevu, anaonekana mara moja tu. Majambazi wanafika kwake jioni, anawapakulia maharagwe, wanaondoka. Hatuoni hata uso wake vizuri, muda wote ameelekea jikoni. Opio alinieleza kwamba hapo ndipo penye raha ya kazi yao. Mwigizaji akiitazama kamera, vijei lazima afuate midomo yake. Akigeuza mgongo, vijei yuko huru kumwekea maneno anayotaka.

Mchana nilivaa gauni langu la kitenge nikaenda kukaa mbele. Pembeni yangu alikaa Mama Akello, jirani yetu, mke wa koplo. Ananiita mugole, yaani bibi harusi, na nadhani ataniita hivyo hadi nitakapokuwa na wajukuu.

"Mugole, umekuja kulinda bwana leo?"

"Nimekuja kusikiliza kazi yake, mama."

"Kazi gani. Kelele tu ile."

Lakini aliposikia Opio akimfanya yule kijana aongee kama quartermaster, mgawa vifaa wa kambini, alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari. Nilitamani kila mtu ajue kwamba sauti ile ndiyo inayoniamsha asubuhi.

Kisha wakafika kwenye nyumba ya mbao. Mwanamke akageuka jikoni, na Opio akatoa sauti nyembamba, ya kubana pua, kama paka aliyekanyagwa mkia:

"Mume wangu, nitalala bila kufunga mlango. Usije ukarudi ukabisha hodi, ukachoka, ukaenda zako."

Niliganda.

Yale ni maneno yangu. Nilipokuwa darasa la pili baba yangu alipeleka marobota ya nguo Bunia, kule Kongo, hakurudi. Kila usiku, mama akishalala, niliinuka nikalivuta komeo taratibu nikaacha mlango bila kufungwa, kwa sababu niliogopa baba atabisha, hatutasikia, ataondoka. Sikumwambia mtu yeyote, hata dada yangu tuliyelala kitanda kimoja. Nilimwambia Opio, kule Entebbe, siku chache baada ya harusi, tumekaa kando ya ziwa na koti lake mabegani mwangu. Nilimwambia nusu tu. Sehemu ya pili, kile mama alichofanya alipogundua, ilinishinda, nililia. Nikasema nitaimalizia siku nyingine. Nilikuwa nimepanga iwe leo, baada ya filamu.

Habari ya mlango naweza kuiandika sasa. Mbuya nzima wanaijua.

Kibandani mtu wa nyuma akasema, "Mama, acha tu hiyo mlango. Televisheni tunakuja kubeba."

"Mwizi gani atakuja?" mwingine akamjibu. "Mwizi mwenyewe si ndiyo huyo bwana yake?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mama Akello alinipiga paja. "Banange, wanawake wengine! Mimi koplo akichelewa napiga komeo mbili, alale na mbwa."

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti ili asinitazame.

Mwisho wa filamu majambazi wanazingirwa kwenye kanisa bovu. Farasi wao wanamwachia aende. Wanagawana sigara ya mwisho, wanataniana, risasi zinaanza, na watu wote wakasimama kuwapigia makofi. Kuhusu yule mwanamke hatukuambiwa tena chochote.

Opio alirudi na chipsi kwenye karatasi, uso unang'aa.

"Ulisikia ule wa mlango? Musa anasema hatujawahi kupata mstari kama ule."

"Musa anajua ulikotoka?"

Alikula chipsi moja polepole. "Mimi na Musa hatufichani, mpenzi."

Nilimuuliza kwa nini ile sauti.

"Ile ni ya wanawake wote. Hata mama wa jambazi nampa ileile." Kisha akauona uso wangu, akakaa chini. "Sikiliza. Yule mwanamke hakuwa na maneno. Nikampa mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia."

Alimaanisha. Hilo ndilo linalonitesa. Alidhani amenipa zawadi.

Nilimwomba asiyaseme katika onyesho la pili. Alinibusu kipaji cha uso. "Yametoka. Naapa, sirudii." Akanawa mikono akateremka.

Moyo wangu ulitulia mara moja, mimi si mtu wa kununa. Nikajiambia kwamba akilishika neno lake, akirudi nitamwambia ile sehemu ya pili, yote, hata nikilia.

Spika ya kibanda inatazama huku juu. Nilikaa kibarazani nachambua mchele, nasikiliza. Treni. Farasi anakufa. Quartermaster, watu wanacheka. Kisha nyumba ya mbao, na Opio akasema, "Kula, mume wangu, maharagwe yanapoa." Basi. Nilifumba macho kwa furaha. Nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Mtu mmoja akapaza sauti. Lazima alikuwapo mchana, akarudi na wenzake.

"Vijei! Wapi mlango?"

"Mlango! Mlango!" Wakaanza kugonga mabenchi. Nilisikia kicheko cha Musa karibu kabisa na kipaza sauti, na Musa akasema, "Wape, bwana, wape."

Namjua mume wangu, najua anavyovuta pumzi anapoamua jambo. Nilisikia ile pumzi kwenye spika.

Halafu ile sauti nyembamba. Safari hii aliyarefusha, akaongeza na kilio.

Kicheko kilipanda mlima wote. Kwa jirani mtoto alikuwa tayari anaiga.

Opio si mtu mbaya. Ningekuwa nimeolewa na mtu mbaya ningejua la kufanya. Atapanda hapa baadaye na mshikaki na aibu, atasema watu walimlazimisha, nami nitamwamini kwa sababu nimewasikia mwenyewe. Nitampakulia. Nadhani hata nitamkumbatia, kwa sababu bado natamani kumkumbatia, na hilo linanitia hasira zaidi ya yote.

Lakini siku moja atanigeukia kitandani, kwa upole wake ule, aniulize mama alifanya nini alipogundua. Sitaweza kujua kama anayeuliza ni mume wangu au ni vijei. Huenda hata yeye hajui. Nitamwambia mama alinigombeza, tukalala, basi. Si kweli. Na lililo kweli siliandiki hata hapa.

Kesho, Jumatatu, kibanda hakifunguliwi. Tutashinda nyumbani wawili tu, asubuhi hadi jioni. Jumatatu iliyopita niliingoja kama sikukuu. Sasa nimekaa hapa natafuta tutakachoongea.