Mkono Uliogoma Katikati ya Mtihani wa Historia

Jumapili, saa kumi jioni. Leo Temeke kumepoa kidogo, kaupepo kapo, ila mie ndiye sijapoa. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nimefua mpaka nguo ambazo hazikuwa chafu. Zimebaki wiki tatu mtihani wa taifa wa kidato cha nne uanze, na leo ndiyo nimemwambia mwanangu jambo nililomficha wiki mbili nzima.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina miaka thelathini na tano, kazi yangu ni ususi, na mwaka huu nafanya mtihani uleule anaoufanya binti yangu Rehema. Yeye atafanyia shuleni kwake, mie ni mtahiniwa wa kujitegemea, nasoma jioni kwenye kituo cha tuisheni hapa mtaani. Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu kwa sababu ya mimba. Mimba yenyewe ni yeye Rehema.

Sasa nilichoficha.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mtihani wa majaribio wa Historia. Siku moja kabla, nilimsuka bibi harusi, binti wa mteja wangu wa siku nyingi, Mama Nasra. Rasta zile ndogondogo, kuanzia asubuhi mpaka magharibi inaadhiniwa. Sikuona shida. Nilijiambia mkono unaoshinda kwenye vichwa vya watu kutwa nzima hauwezi kushindwa na kalamu.

Nilijidanganya.

Insha ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, kidole gumba kikaanza kuchoma, maumivu yakawa yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikakaza zaidi, na kadiri nilivyokaza ndivyo mwandiko ulivyozidi kuwa mkubwa na kulala upande. Insha ya tatu ilihusu sababu za wakoloni kuja Afrika. Nilikuwa nazijua zote, nimezikariri huku nikisuka. Lakini vidole vilijikunja vikagoma kukunjuka. Ikabidi nivifungue kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

Msimamizi akaniona. Akaja taratibu mpaka kwenye meza yangu.

“Mama, una nini mkononi?”

Alidhani nimeficha karatasi. Nikamwonyesha kiganja, hakikuwa na kitu. Nusu ya chumba walikuwa wamegeuka kunitazama, watoto wa rika la mwanangu. Nilikuwa na aibu kama niliyekamatwa kweli. Karatasi zilipokusanywa, insha yangu ya tatu ilikuwa na mistari minne.

Nyumbani Rehema akaniuliza kama nimemaliza maswali yote. Nikamwambia nimemaliza yote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu akiwa shule, nikisikia geti linagongwa namwaga maji haraka. Mtu mzima na akili zangu.

Alhamisi tukarudishiwa karatasi. Mwalimu Kisesa, anayetufundisha Historia, ni mdogo kwangu, ananiitaga dada. Akanibakiza darasani wenzangu walipotoka.

“Dada, hili swali unalijua. Mbona umeishia hapa?”

Nikamweleza. Nilitegemea anipe pole. Badala yake akanisogezea karatasi, akasema niandike chochote, yeye anaangalia tu. Hata mistari mitano haikufika, akanisimamisha.

“Unaikaba hiyo kalamu. Angalia kucha zako.”

Zilikuwa nyeupe kabisa. Hapo ndipo nikaelewa: kalamu naishika kama ninavyozishika nywele kwenye shina, kwamba nikilegeza tu, msuko mzima utafumuka. Mwalimu akanifundisha kuishika juu kidogo ya ncha, na kuilegeza mpaka yeye aweze kuichomoa bila kuvuta. Kiwiko kikae juu ya meza, kisining'inie. Mkono wote usogee, siyo vidole peke yake. Kila nikimaliza swali, wakati nasoma linalofuata, niweke kalamu chini, nikunjue kiganja, niukung'ute mkono. Akasema pia nisianze na saa tatu kwa mkupuo. Nianze na dakika ishirini, niongeze kidogokidogo. Na mkono ukianza kufa ganzi, niende hospitali, nisikae nyumbani najipaka dawa za kuchua.

Ijumaa niliandika dakika ishirini. Mwandiko ulikuwa mbaya kama wa mtoto wa chekechea. Jana nusu saa. Ulikuwa mbaya bado, lakini kidole gumba hakikuchoma.

Jana hiyohiyo Mama Nasra akapiga simu. Wana shughuli nyingine, anataka nimsuke siku moja kabla ya mtihani wangu wa kwanza. Huyu mama ndiye aliyenitafutia wateja wakati nasukia barazani kwa watu, sina hata kiti changu. Sikuwahi kumkatalia kitu.

“Mama Nasra, siku hiyo sitasuka. Nina mtihani.”

“Mtihani wa nini?”

Nikamwambia. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, kwamba miaka yote hii namshika kichwa na sijamwambia kama nasoma. Ukweli ni kwamba niliona haya. Akasema basi, atakuja wiki moja kabla, na nisimsuke ndogondogo, ile mistari ya haraka ya twende kilioni inamtosha.

Leo mchana Rehema amenikuta. Nilijua yuko kwa shangazi yake, nikajisahau, mkono uko kwenye beseni. Akauliza nimeungua? Nikaona nimechoka kudanganya. Nikamwambia yote, mpaka ile mistari minne, mpaka msimamizi.

Hakucheka. Alikaa chini karibu yangu, akanionyesha kidole chake cha kati. Pembeni ya ukucha pameota sugu, pamevimba.

“Na mie mkono unaniumaga, mama. Nilikuwa naogopa kukwambia, utasema mvivu.”

Na kweli ningesema hivyo. Hilo limeniuma kuliko mkono.

Basi tukakaa mezani wote wawili. Kiti changu kilikuwa kifupi, akaniwekea mto, viwiko vikafika juu ya meza vizuri. Simu tukaitegesha saa nzima, kila mtu na insha mbili, katikati tupumzishe mikono nusu dakika. Ya kwanza ikaisha, Rehema akaweka kalamu chini, akakunjua vidole, akawa anatazama dirishani. Mie nikashindwa. Nilijua natakiwa kuweka, na nikaendelea kuandika.

Akaniuliza kwa nini siweki. Jibu ninalo. Mie niliwahi kuweka kalamu chini mara moja, nikidhani ni kwa muda mfupi, ikapita miaka kumi na saba. Nikiiacha hata kwa nusu dakika, moyo unaniambia sitaishika tena.

Nikamweleza hivyohivyo. Akaanza tu kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alipofika kumi nikaiweka. Alipofika thelathini nikaichukua, ilikuwa palepale nilipoiacha. Insha ya pili niliimaliza yote, sababu zote pamoja na hitimisho.

Lakini bado sijatulia. Hapa nyumbani ni rahisi, mwanangu yupo ananihesabia. Siku yenyewe yeye atakuwa shuleni kwake, mie nitakuwa kwenye chumba cha watu nisiowajua, wote wameinama wanaandika, na saa ya ukutani inatembea.

Nitathubutu kweli kuiweka chini, na kujihesabia mwenyewe mpaka thelathini?