Gari Alilolichagua Bakari

Likombe, Mtwara

Dada yangu Abiba,

Shikamoo mara mbili: moja ya leo, moja ya siku ile niliyokukatia simu ulipoanza kunisema. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbuzi wako mwenye pembe moja bado anakula kanga za jirani, au jirani ameshamla yeye? Mimi mwili mzima. Meno yamebaki ya kutosha kutabasamu upande mmoja. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu husikii, unaitikia tu "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza umekula nini. Barua nampa dereva wa basi la Tunduru. Mke wa mjukuu wako akusomee, na akifika mahali nimetukana aruke, wewe utapajua mwenyewe.

Dada, mtani wangu Bakari amefariki. Yule Mmakonde wa Naliendele mwenye mikorosho, aliyekwambia ulipokuja huku kwamba Wayao wote tumechongwa kwa gogo moja, ila mimi fundi alikuwa na usingizi. Leo ni wiki ya tano tangu tumzike. Ningesema ni kazi ya Mungu nikaishia hapo, kama wanavyosema wenzangu. Lakini mdomo wangu umo katika kifo kile, na neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Sikiliza mpaka mwisho, ndipo unihukumu.

Ilianza alipouza korosho. Wanawe walitaka anunue pikapu ya kubebea magunia. Yeye akagoma. Alitaka gari dogo la mbio, la gia za mkono, haya ya vijana, yaliyokaa chini kama yamechuchumaa, matairi mapana, ekzosi inanguruma. Mzee wa miaka sabini na ushei! Nikamwuliza, "Na mgongo huo utaingiaje? Tukutie kwa beleshi?"

Akasema, "Ntani, hebu nyamaza. Siku moja nilikuwa Kilambo, nikamwona mzee wa Msumbiji anashuka kwenye kivuko na kagari ka namna hiyo. Kofia kichwani, anabadili gia, mkewe pembeni anacheka mpaka anajishika mbavu. Mwanaisha wangu sijapata kumchekesha hivyo."

Nikamwambia Mwanaisha hucheka kila siku, ila husubiri wewe utoke.

Ndivyo tulivyoishi, dada, tangu naendesha lori la korosho na yeye ni utingo wangu. Miaka thelathini na zaidi hatujaambiana neno lililonyooka. Mke wangu alipofariki, Bakari aliingia msibani amevaa gauni la marehemu, akanisimamia kichwani akanidai hela ya sokoni kwa sauti yake. Nililia na kucheka kwa pamoja, na nadhani ndicho kilichoniponya. Na sharti unalijua: anayekasirika analipa kuku. Mimi sikumlipa kuku hata mmoja, wala yeye hakunilipa.

Basi akanichukua nikamsaidie kuchagua, kwa kuwa kazi yangu ya maisha ni usukani. Magari yalikuwa mawili. La kwanza jekundu, la daktari mmoja kijana wa hapa hapa Likombe aliyepata uhamisho. Tulilijaribu barabara ya Naliendele. Gia laini, zinaingia kama kidole kwenye samli, na klachi nyepesi, hata wewe na goti lako ungeikanyaga. Ila injini yake ina adabu mno. Ukikanyaga mafuta inafikiri kwanza, kama mtu aliyeombwa mkopo.

La pili la bluu, lilikuwa kwa dalali Mikindani. Lile, dada, ni shetani. Gia fupi fupi, zinaingia kwa kishindo, ukigusa mafuta mgongo unabandikwa kwenye kiti. Kosa lake klachi, ngumu kama unakanyaga gunia la mchanga. Dalali akatuambia, "Wazee, hili ukilikanyaga mwili unafika Lindi, kivuli kinabaki Mikindani."

"Kivuli changu mpe huyu ntani wangu," Bakari akamjibu, "chake amekiweka rehani."

Akashindwa kuchagua. Leo anataka jekundu kwa sababu Mwanaisha hapendi kutikiswa, kesho anataka la bluu kwa sababu ana mwaka mmoja tu wa ujana umembakia, ati alikuwa ameuficha. Nilimwambia achukue jeneza, halina klachi kabisa. Ndiyo, dada. Nilisema. Watu wakacheka.

Mara ya tatu tukarudi kwa lile la bluu. Bakari kwenye usukani, mimi pembeni, dalali nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Tukawa tunapanda kile kilima cha kutoka Mikindani kuja mjini, na mbele yetu lori limejaa chokaa linajikokota. Pale inabidi ulishike gari kwa klachi, unaachia kidogo, unakanyaga tena. Nikaona mguu wake unatetemeka. Gari likazimika.

"Ntani," akasema, "kifua kinanibana."

"Kofia ndiyo inayobana. Uliinunua ukiwa na kichwa cha mtoto."

"Mkono huu umekufa ganzi."

"Umekufa kwa woga. Mmakonde mzima, umezaliwa Newala juu huko, unaogopa kichuguu cha Mikindani?"

Akanigeukia. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. "Utani tuweke kando kidogo," akasema.

"Nikiuweka kando utauiba."

Dalali alicheka mpaka akakohoa. Na Bakari naye akacheka! Angefanyaje? Angekasirika angelipa kuku. Akafuta jasho kwa kofia, akawasha gari, akapanda kilima. Kule juu nikampigia makofi.

Tulipoagana mlangoni kwake akaniambia, "Nimeshachagua."

"Lipi?"

"Sikwambii leo. Utalicheka."

Asubuhi yake alisali alfajiri, akasujudu, hakuinuka. Wanaojua walisema ni moyo, na kwamba moyo wa namna ile huwa umetoa taarifa mapema. Umetoa taarifa. Mimi ndiye niliyeipokea.

Msibani walinisubiri mimi. Si ndiye mtani? Nikalala mlangoni mbele ya jeneza, nikasema marehemu hatoki mpaka apigiwe honi. Wakapiga honi kwa midomo, wanawe wakiwa na machozi na wanacheka. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakifanya usukani, nikamwigiza Bakari anavyoendesha, shingo mbele kama kobe, ulimi nje anapotafuta gia ya tatu. Hata wanawake huko ndani niliwasikia wakicheka, na sauti ya Mwanaisha ilikuwamo. Nikanogewa. Nikampandisha kilima. Mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani, nikasema kwa sauti yake, "Ntani, kifua kinanibana." Dada, walicheka kuliko mwanzo. Kiwanja kizima. Walicheka vile vile nilivyomcheka mimi kilimani.

Kifuniko kikaniponyoka. Nililia mbele ya watu, mtani analia msibani, jambo ambalo hujapata kuliona wala mimi sijapata. Wakadhani ni sehemu ya mchezo, wengine wakaendelea kucheka.

Nikakaa na hilo wiki nne. Nilijiambia, yule mama yuko eda, mwache. Nikajiambia, hata ungemsikiliza, ungefika hospitali kwa wakati? Huenda. Huenda hapana. Lakini kila nilipopita pale walinipa chakula, na chakula kikawa hakishuki. Juzi asubuhi nikaenda. Nilikaa barazani, Mwanaisha ndani nyuma ya pazia, binti yake mkubwa kasimama mlangoni.

Akaanza yeye, kama kawaida yetu. "Huyo ntani kaja? Ficheni sufuria, Myao kaja na njaa yake!"

Nikasema, "Mwanaisha, leo sina utani." Nikamweleza yote. Lori, klachi, kifua, mkono, alivyoniomba tuweke utani kando na nilivyomjibu. Sikujitetea. Nilimwambia pia habari ya yule mzee wa Kilambo na mkewe, maana niliona si haki nibaki nayo peke yangu.

Nilimsikia Mwanaisha akivuta pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Anitukane, anifukuze, anirushie maji ya kuoshea vyombo. Moyoni nilikuwa nayaomba hayo maji.

Akauliza jambo moja tu. "Hakukwambia alichagua lipi?"

"Hakuniambia. Alisema nitalicheka."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni wa serikali, "Ahsante, Mzee Rashidi, kwa kuja kunieleza. Binti, mletee mzee chai."

Mzee Rashidi. Miaka yote hiyo katika nyumba ile nimeitwa kila jina la mnyama mwenye mkia na asiye na mkia, sikuwahi kuitwa Mzee. Chai ikaja kwenye kikombe chenye sahani yake, na kijiko. Nikainywa. Nikashukuru. Nikaaga kwa adabu, naye akaniitikia kwa adabu.

Arobaini ni wiki ijayo. Nitakwenda. Watani kazi yao iko jikoni, kuiba nyama na kuwakera wapishi. Mimi nitakaa barazani kwenye jamvi la wageni, ninawe nikiletewa maji, nile nikikaribishwa.

Nisalimie shemeji, mwambie deni la ugoro bado analo. Nisalimie wanao wote, na shangazi yetu mkubwa kama bado anawafahamu watu, na yule imamu wenu aliyenifukuza madrasa, mwambie alifanya vyema. Huyo mkwe anayekusomea mpe pole ya mwandiko wangu. Niombee, na Bakari umwombee zaidi. Ukipata wa kukuandikia, nijibu, na tafadhali, dada, nitukane sana.

Ni mimi mdogo wako,
Rashidi, ambaye huku sasa anaheshimiwa.