Jina la Mama Kwenye Bima

Tabora, 8 Februari 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimechoka na maharage ya shule, natamani dagaa wa nyumbani. Wadogo zangu hawajambo?

Jana bwana mmoja alikuja kuwaeleza walimu wetu habari za bima ya maisha, nasi tukaruhusiwa kusikiliza. Mtu hulipa kidogo kidogo akiwa hai. Akifariki, fedha anapewa yule ambaye marehemu aliandikisha jina lake, hata ukoo udai vipi. Nikamkumbuka mama Feliksi alipofiwa na mumewe. Shemeji zake walichukua mtumbwi na nyavu kabla matanga hayajaisha, akarudi kwao Kidahwe na masufuria tu. Nisamehe kutaja kifo, Baba. Tafadhali mwandikishe Mama.

Mwanao, Domitila

Ujiji, 3 Machi 1971

Mwanangu Domitila,

Marahaba. Hapa wote hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Nilikwenda Kigoma mjini kwa bwana wa bima. Kalamu alishanipa mkononi, nikairudisha. Baba yako mkubwa Oswald ndiye aliyenilea. Siwezi kumwandikisha mke bila kumwuliza. Yuko kambi ya uvuvi Kagunga. Atarudi mwezi ukiwa mweupe, maana siku hizo dagaa hawafuati taa, nasi wavuvi hukaa nchi kavu tukamaliza mambo ya nyumbani. Mama yako ananicheka: "Kufa ufe wewe, ruhusa uombe kwa Oswald?"

Usiwe na haraka. Nguvu bado ninazo.

Baba yako

Tabora, 30 Aprili 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mwezi umeshakuwa mweupe mara mbili. Umetia sahihi? Nauliza mara moja tu, nisije nikaonekana sina adabu.

Mwanao, Domitila

Ujiji, 27 Juni 1971

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zilifika. Afya yangu si nzuri.

Kaka alipokuja mara ya kwanza alisema, "Unataka mkeo atajirike kwa maiti yako? Tutaongea." Mara ya pili akasema tushone nyavu kwanza. Nikamngoja. Kisha miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Nikaenda mwenyewe kwa bwana wa bima, naye akataka daktari anipime. Daktari akasikiliza moyo wangu, akaandika. Yule bwana akasoma, akanitazama kwa huruma: "Mzee, sasa haiwezekani. Ungekubali ile siku ya kwanza."

Baba yako

Tabora, 10 Julai 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia. Ningeuliza kila wiki, adabu ingeningoja.

Lakini mtumbwi ni wako na wewe ungali hai. Mpe Mama sasa, mbele ya watu. Safari hii usimwombe Baba mkubwa. Mwambie.

Mwanao anayekuombea, Domitila

Ujiji, 9 Agosti 1971

Mwanangu Domitila,

Marahaba. Napumua kwa shida, lakini naandika mwenyewe.

Juzi wavuvi wote walikuwa nchi kavu. Nilimwita balozi wetu wa nyumba kumi ufukoni, nikasema mtumbwi ni wa mke wangu Stephania tangu leo. Kaka akauliza, "Mimi sikuulizwa?" Nikamjibu, "Kaka, nimekuuliza tangu Machi." Akavaa kofia yake akaondoka. Nyavu sikuzitaja, kwa kuwa nusu alizishona yeye.

Leo nimekaa mchangani, mama yako anabishana na mafundi kuhusu ubao wa mtumbwi wake uliooza. Sauti yake inafika hadi sokoni. Kaka amepita. Nimempa shikamoo, hakuitika. Kesho nitakaa hapa hapa, nimpe tena.

Baba yako