Kadi ya Kudekia

Jumatatu, 4 Agosti

Mzee Seifu anaondoka! Kizimba chake cha kuuzia, pembeni yetu, kinabaki wazi Ijumaa ya wiki ijayo. Anasema Kariakoo imemchosha, anavuka Magogoni akakae kwa binti yake Kigamboni, afuge kuku. Funguo atamwachia Shangazi Maimuna, amweke anayemtaka. Na Shangazi anasema ni mimi au Mudi, binamu yangu anayeuza samaki Feri.

Mudi! Miaka mitatu nauza mitumba ya Shangazi. Nakung'uta, napanga, naita wateja mpaka koo linakauka. Nilijua kizimba changu hicho. Wapi! Mchana kaniita pembeni, akaniambia hampi kizimba mtu anayecheza kamari.

Kumbe kaona simu yangu. Zile paketi za kadi.

Nikamwelewesha. Shangazi, hii ni biashara. Paketi unainunua kwenye simu, buku tano, hujui ndani kuna nani. Ukifungua zinatoka kadi tano za wachezaji mpira. Unawauzia wanaozikusanya, hela inaingia. Akataka kuziona hizo kadi. Nikasema hazishikiki, zinaishi humo humo kwenye app. Alivyonitazama, ungedhani nimemwambia nimeoa jini.

Nikampiga swali: mbona belo ni vile vile? Unalinunua limefungwa, hujui kilichomo! Akainama. Nikajua nimempata. Kumbe alikuwa anakunja suruali tu.

"Nguo mbaya kuliko zote kwenye belo langu, mtu anadekia sakafu," akasema. "Kadi yako mbaya kuliko zote itadekia nini?"

Hilo swali linaniudhi mpaka sasa.

Kanipa mpaka Ijumaa hiyo ya Mzee Seifu. Nimwonyeshe faida, na iwe ya halali.

Jumanne, 5 Agosti

Paketi nne. Vimeo vitupu! Mabeki wa akiba, tena wa timu ambazo hata hazijulikani. Kadi moja tu ndiyo ilikuwa na uhai, nikamuuzia Godbless buku saba. Godbless ni yule Mchaga wa kava na chaja hapo mbele yetu, anakusanya kadi kuliko mtu yeyote hii mitaa. Alianza na buku tatu. Tukavutana hadi chai ikapoa.

App nayo ikakata chake. Bando likakata chake. Nimetoa elfu ishirini, imerudi elfu sita na ushee. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

LEO NDIYO LEO! Golikipa mwenye fremu ya dhahabu! Nilipiga ukelele, mteja akaachia gauni. Godbless alivuka barabara mbio bila hata kufunga duka. Elfu arobaini, taslimu, bila kuvutana!

Nikala kuku. Nikamtumia Mudi picha ya kuku.

Usiku huu: mjinga mimi. Nilisema mkono wangu umeshapata njia, nikafungua paketi nane, moja baada ya nyingine, nimelala chali kitandani. Hakuna kitu. Ile arobaini imerudi ilikotoka. Na picha ya kuku Mudi anayo.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Sikukuu, watu wamejaa, pa kukanyaga hakuna. Baada ya swala Shangazi kafungua belo la nguo za watoto. Nimemwona akifungua mabelo sijui mangapi, lakini leo nilikuwa na hasira za jana, basi nikawa naangalia kweli.

Kabla kisu hakijagusa ule mkanda, kina mama wameshasimama. Wa kwanza kuchagua kalipa zaidi. Wa pili kalipa pungufu kidogo. Nao hawajui kilichomo! Lakini wanacheka, wanasukumana, wanataniana. Belo linapopasuka, nusu ya hela ya Shangazi imesharudi. Zikibaki, anaziuza kwa mafungu. Mafungu yakibaki, matambara yanaenda gereji.

Shangazi hafungui belo peke yake hata siku moja. Mimi nafungua paketi peke yangu, kitandani, mlango nimefunga!

Aisee. Nimejiona bwege, halafu nikafurahi mno.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu. Kwenye benchi la Hyasinta, dada anayetuuzia chai na vitumbua. Watu watano. Anayechagua kwanza buku tatu, wa pili buku mbili, waliobaki buku buku. Jumla elfu nane, na paketi yenyewe elfu tano. Kadi zikitoka kila mtu namtumia yake kwenye simu palepale.

Kelele zake sasa! Watu walidhani kuna mwizi. Godbless kachagua kwanza, kapata winga mzuri. Hyasinta alikuwa wa mwisho, kabakiwa na kipa wa akiba, mnene, ana upara. Nikadhani atanuna. Akacheka mpaka akakaa chini, anasema ni shemeji yake mtupu! Kamweka kwenye kioo cha simu.

Tumefungua paketi sita. Hakuna hata moja iliyonitia hasara. Vitumbua viliisha saa nne asubuhi, Hyasinta kaniambia nirudi kesho nikitaka chai ya bure.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempelekea Shangazi habari nikiwa kifua mbele. Nimempigia hesabu yote: ukifungua mwenyewe uuze kadi, hailipi. Labda siku moja kati ya siku nyingi, na siku hiyo inakuharibu akili. Ukifungulia watu, inalipa.

Akasikiliza. Akameza funda la chai. Akauliza, na hao wanaoondoka na vimeo?

Nikasema wanacheka, Shangazi.

Leo wanacheka, akasema. Yule kijana wa mikoba, Leodegar, kachaguaje jana? Nikakumbuka. Mara tatu, mara zote wa mwisho, mara zote kimeo. Leo hakuja hata kunywa chai.

"Kamari hujaiacha, Twaha. Umewagawia wenzako."

Iliniuma! Nilikasirika, nikaenda kukunja mashuka ambayo hayakuhitaji kukunjwa. Yaani huyu mama hatosheki? Lakini Leodegar kweli hakuja. Na kwake hakuna kuku wa kupigwa picha, ana mtoto mchanga. Nalala na hilo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata cha kudekia! NIMEPATA!

Niko kwenye app, nawasoma watu wanavyolia. Wanaoanza mchezo hawana kadi za kujaza timu. Hawataki nyota, wanataka watu kumi na moja tu, awe beki, awe kipa mwenye upara, yeyote. Kununua paketi za kutosha hawawezi. Vimeo, wenzangu! Wanataka vimeo!

Basi utaratibu mpya. Mtu akibakiwa na kadi asiyoitaka, nainunua kwake kwa jero, mia tano, hapohapo. Nikifikisha kumi na tano, nafunga fungu moja, nauza msimbazi, elfu kumi nzima, bila hata kuvutana. Nimeanza kwa Leodegar. Nimezinunua zote tatu, nikamwekea chai juu. Alisema angejua angeleta na za mwezi jana, anazo kibao. Nikamwambia alete.

Hyasinta kakataa kumuuza shemeji yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Mafungu mawili yameondoka kabla ya adhuhuri! Shangazi nimemwambia kwa maneno machache, nisije nikaonekana najisifu. Kasema "haya". Kutoka kwake "haya" ni hotuba.

Halafu jioni app imenipa zawadi, kwa kuwa nimenunua sana. Paketi ya dhahabu. Bure! Zilizotolewa ni chache na hazitatoka tena. Ninaweza kuifungua, au kumtumia mtu ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Godbless kaona, macho yamemtoka. Anaitaka imefungwa, aihifadhi, anasema mwakani itapanda. Kafika elfu sitini.

Ndani yake anaweza kuwemo mtu wa laki tatu. Anaweza kuwemo shemeji yake Hyasinta. Kidole kinaniwasha, sitaki kudanganya.

Nimeiweka simu chini ya mto. Nimeitoa. Nimeirudisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nimekaa juu ya belo, kila mtu kasimama, hakuna anayeniangalia mimi.

Mzee Seifu kafagia kizimba, kaaga, kamkabidhi Shangazi funguo. Mudi kaja kutoka Feri, shati limepigwa pasi, harufu ya samaki imemfuata hivyo hivyo. Godbless naye kaja na sitini zake, noti tupu. Nikamwambia Shangazi mbele yao wote: nauza. Imefungwa. Faida ninayoiona ni hii, ya ndani siijui.

Shangazi akatikisa kichwa, akasema hapo sasa nimemwelewa. Mkono wenye funguo ukaanza kuja upande wangu. Naapa ulianza kuja!

Halafu akaomba aione tu hiyo paketi, ajue inafananaje. Nikampa simu.

Hajairudisha.

Kaigeuza. Kaisogeza karibu na macho, inang'aa, inacheza cheza. Kavaa miwani.

"Humu ndani kuna nani?"

Nikamwambia hakuna anayejua, Shangazi.

"Hata wewe?"

Hata mimi.

Godbless kaongeza msimbazi. Hyasinta kaacha vitumbua vinaungua. Mudi anacheka mwenyewe, simwelewi. Nimemwambia Shangazi kwa adabu mteja anasubiri, biashara ndiyo hiyo, tumpe mtu mzigo wake. Mimi ndiye ninayemwambia hivyo! Yeye kanyoosha kiganja, ningoje.

Funguo ziko mkono wa kushoto. Simu iko wa kulia, kidole gumba juu ya ile paketi. Sasa hivi kaniuliza, taratibu, Mudi asisikie, kwamba yule anayechagua kwanza huwa analipa shilingi ngapi.