Kifundo Kimoja, Shahada Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mkamwana wangu amekubaliwa na vyuo viwili — kwa siku moja! Yeye hutengeneza miguu ya bandia katika karakana ya hospitali. Uzamili wa kwanza ni wa darasani: mihadhara ya jioni, mitihani, na mwishowe ukuu wa kitengo. Wa pili ni wa utafiti: hakuna darasa, ni swali moja na tasnifu, tena chuo chenyewe kiko mbali. Ajibu kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Mwanangu, mumewe, anasema achukue "masta" ya darasani. Ati watafiti huota mvi wakitafuta. Nikamwambia kwanza aseme uzamili, ndipo ashauri.

Kwangu mimi, uzamili bila tasnifu ni nyumba bila paa. Sikuyasema hayo. Nilikunywa chai.

Jumanne, 4 Machi

Nilidhani anasoma vijitabu vya vyuo. Kumbe amekwenda kuwatazama wenye shahada hizo wakiwa kazini! Yule mwenye ya darasani, alimkuta akipanga zamu na kuamua ugomvi wa viti vya ofisini. Yule mtafiti, alimkuta akivunja mguu wa plastiki kwa mashine, anaandika, anavunja mwingine.

Nikamuuliza nani alikuwa na raha zaidi.

"Wote wawili, Mama. Hapo ndipo penye kazi."

Jibu safi. Ningelitia alama zote.

Jumatano, 5 Machi

Nilimpelekea miwani aliyoisahau. Sikuwahi kuingia karakana ile. Vumbi la plasta, nyayo za bandia zimetundikwa ukutani kama viatu dukani.

Alikuwapo mzee mmoja, fundi cherehani, amefura. Mguu wake mpya unatembea vizuri, lakini kifundo cha mguu huo hakikunjiki. Kanyagio la cherehani linamshinda.

"Binti, umenipa mguu wa kwendea matembezi. Wa kazi uko wapi?"

Mkamwana wangu hakujitetea hata kwa neno moja! Alipiga magoti sakafuni, akamwomba akanyage kipande cha ubao, tena na tena, mkono mmoja umeshika kifundo kizima, mwingine cha bandia. Nimefundisha umri wangu wote; sijaona mtu akisikiliza kwa viganja.

Mzee hasira zikampoa; habari za vyuo zilikuwa zimemfikia, akatania: "Ukishakuwa bosi, nani atanipigia magoti?"

Karakana nzima ikacheka. Mkamwana wangu hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mezani mwanangu akauliza, kumbe kifundo cha fundi cherehani ndiyo tasnifu anayoitaka?

"Ndiyo," mkewe akajibu. "Na cha dereva. Na cha kila anayekula kwa unyayo wake."

Lakini lipo sharti: anayefanya utafiti aache karakana mpaka amalize. Asionane na wagonjwa. Apime kwa mashine.

"Mashine haina hasira," akasema. "Nitajuaje nimekosea?"

Basi nenda darasani, mume wake akasema, yaishe.

"Nitamwomba profesa wa chuo cha utafiti alegeze sharti."

Nikamwambia maprofesa hawaombwi hivyo. "Sawa, Mama," akajibu kwa adabu zote. Akaongeza mchuzi.

Ijumaa, 7 Machi

Amempigia profesa. Naandika haya upande wa pili wa meza.

Amesimama wima. Anasema atakuja, lakini kila mwezi arudi karakana wiki moja, kwa sababu swali lake liko huko. Kisha sauti ya profesa, naisikia hadi hapa: kanuni haziruhusu.

Hapandishi sauti. "Nimekuelewa, Profesa. Nani mwenye uwezo wa kuibadilisha kanuni hiyo? Nitamsubiri."

Nani mwenye uwezo! Mimi niliyeshika kanuni maisha yangu yote — namwombea hii ivunjike.

Ameambiwa asikate simu. Hajakata.

Mwanangu anaonyesha saa ya ukutani: adhuhuri inakaribia. Chuo cha darasani hakitangoja. Ananinong'oneza: mwambie ajibu kile kingine, Mama, wewe anakusikiliza.

Simwambii.

Nimemsogezea kiti. Ametikisa kichwa. Atasubiri akiwa amesimama.