Koti la Lusajo

Tata,

Wengine humwanzia baba barua ya namna hii kwa "mpendwa". Mimi leo neno hilo sina. Ulilimaliza lote kwa kaka yangu.

Unalikumbuka lile koti? Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Tukuyu, na kila baba aliyeuza ndizi zake alirudi na kitu begani. Watoto tulikuwa wawili, Lusajo na mimi. Ulirudi na koti moja la bluu, zito, lenye vifungo vya shaba. Mama aliligeuza huku na huku, akakutazama.

"Na Bupe?"

"Bupe ataolewa. Atavishwa hukohuko."

Eti ataolewa! Nilikuwa darasa la pili, Tata.

Jumapili yake ulimvalisha Lusajo ukamsimamisha mbele ya kanisa, wewe mzee wa kanisa, ukasimulia jinsi Yakobo alivyomshonea Yusufu kanzu nzuri kuwapita nduguze. Ukasema upendo wa baba huonekana kwa mavazi ya mwanawe. Watu wakaitika amina. Mimi niko benchi la nyuma na mama, miguu imepauka, nasubiri ufike pale nduguze walipomchukia wakamtupa shimoni. Wapi! Ulifunga Biblia ukakaa.

Baridi ya kwetu mwezi wa saba unaijua, ukungu ukishalala juu ya mashamba ya chai. Asubuhi kabla ya shule niliyechuma nawe ni mimi, nimevaa mfuko wa mbolea niliotoboa pa kupitishia kichwa. Lusajo alibaki kitandani kwa sababu "ana kifua". Haya, ana kifua. Koti lilipoanza kumbana mabega nikasema moyoni, Mungu mkubwa, sasa ni langu. Nikakuomba kwa adabu, nimepiga magoti. Ukalikunja, ukalifungia kwenye sanduku lako la bati.

"Hili litavaliwa na mwana wa Lusajo."

Nikarudi kwenye mfuko wangu wa mbolea. Tangu siku hiyo sikukuomba kitu tena, na sidhani kama uligundua.

Ulipopooza, Lusajo alikuwa Mbeya na shughuli zake. Mimi nilipanda kila siku kutoka kwa mume wangu, pale mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, nikakulisha uji, nikakugeuza, nikakuosha kama mtoto mchanga. Siku ya mwisho ulinishika mkono kwa nguvu, nikafurahi mjinga mimi.

"Lusajo, umefika?"

"Ni mimi, Tata."

Ukauachia mkono. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko koti, kuliko baridi yote ile. Kwangu nikigawa nyama napima mara mbili, naogopa kipande cha mtoto mmoja kisizidi cha mwenzake.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipoondoka, tulifungua sanduku. Koti lilikuwa juu kabisa, linanuka dawa ya nondo. Nikamtupia Lusajo. "Chukua urithi wako."

Akalishika kwa vidole viwili. "Unadhani nililipenda? Shuleni walinivua wakalikanyagia matopeni, wakiniita mtoto wa baba. Nikirudi nyumbani, wewe hunisemeshi. Nilikuwa na mdogo mmoja tu duniani, Bupe, na baba akaninyang'anya." Kisha akaniuliza, taratibu, "Kesho naondoka. Nirudi tena hapa, au ndiyo basi?"

Miaka yote nilitamani kumwona akiniomba kitu, na sasa ameomba, nikaona uchungu tu. Nikachukua taa, nikaenda kulala.

Asubuhi ng'ombe wako alizaa kwenye mvua. Tukamkuta ndama anatetemeka, masikio yamelala, mama yake anamlamba lakini hakauki. Lusajo akakimbilia ndani, akatoka na koti. Akampitisha ndama miguu ya mbele kwenye mikono, mimi nikapiga magoti kwenye tope nikafunga vifungo vya shaba chini ya tumbo. Ndama akasimama amevaa kama karani wa bomani. Tukacheka, Tata, tukacheka mpaka Lusajo akaanza kulia, na mimi nikafuata.

"Krismasi uje na watoto," nikamwambia.

Habari ya Yakobo nimeisoma hadi mwisho, ile uliyoikatisha. Ndugu walipatana wenyewe, wakikumbatiana kwa machozi. Lakini nimepekua nikapekua, sijaona mahali Yakobo alipowaambia wanawe kwamba alikosea. Mungu uliyemtumikia hapendelei mtu, basi akupokee yeye. Mimi bado.

Lala, Tata. Ndama anaendelea vizuri. Hatukumwuliza kama ni dume au jike kabla ya kumvika.

Ni mimi, wala si Lusajo.

Binti yako,
Bupe